Kinywa cha Lambo

Somo hili ni la madarasa ya watu wazima katika Wilaya za Tarime na Serengeti. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne haya: lambo, tuta, bomba, utoro. Wanafunzi wayasome kwa pamoja, pole pole, mara mbili. Nitangoja kidogo.

Vema. Somo letu la leo ni la historia. Huenda mmoja wenu anamnong'oneza jirani yake, "Historia ya bomba? Bomba nalo lina historia?" Linayo, tena ni ndefu kuliko historia ya falme nyingi. Ziko falme zilizotoweka, na mabomba yao ya mawe yangali yakipitisha maji mpaka leo.

Kwanza tupatane juu ya maana ya maneno yetu. Lambo ni ziwa dogo lililotengenezwa na watu. Watu hutafuta bonde linalopitisha maji ya mvua, kisha huliziba kwa ukuta wa udongo ulioshindiliwa. Ukuta huo ndio tuta. Maji hujikusanya nyuma ya tuta, nayo huwekwa kwa ajili ya kiangazi. Lakini lambo lililojengwa sawasawa lina njia mbili za kutolea maji. Njia ya kwanza ni bomba. Bomba hulala chini ya tuta, kichwa chake kikiwa ndani ya maji na mkia wake upande wa chini, penye koki na birika la kunyweshea ng'ombe. Njia ya pili ni utoro. Huo ni mfereji mpana ubavuni mwa tuta, nao huwa chini kidogo kuliko mgongo wa tuta, ili maji ya ziada yapite huko siku ya mvua kubwa.

Kwa hiyo lambo lina kinywa cha kila siku, ambacho ni bomba, na kinywa cha siku ya hatari, ambacho ni utoro. Mimi nitaviita vyote viwili kinywa. Tuta la udongo hustahimili maji yanayolisukuma, bali halistahimili maji yanayopita juu yake. Yakipita juu, hukata udongo kama kisu kinavyokata ugali, na kabla ya saa nyingi kupita tuta huwa limekwisha.

Katika wilaya zetu mbili jambo hili si la vitabuni tu. Vilima vya Tarime hupata mvua nyingi kuliko nchi ya chini. Ukivuka Mto Mara ukaelekea Nata, Issenye na Ikoma, kiangazi huzidi kuwa kikali, na ng'ombe hutembezwa mbali kutafuta maji. Mji wa Mugumu wenyewe hunywa maji ya Bwawa la Manchira. Tena sisi twaishi karibu na wanyama wa mwituni. Hifadhi ya Taifa ya Serengeti iliwekwa mwaka 1951, na vijiji kama Robanda, Makundusi na Nyichoka vimekaa mlangoni pake. Tembo hajui kusoma ubao wa mpaka. Akisikia harufu ya maji huja, na nyuma yake huja nyati na nyani, na ndani ya maji yenyewe hukaa kambare, vyura, kobe na kenge. Basi anayetunza kinywa cha lambo hapa kwetu atunza maji ya watu na ya viumbe hao wote, apende asipende.

Sasa tuingie katika historia. Tutaanza hapa hapa Tanzania, katika milima ya Upare. Wapare, kabla Wazungu hawajafika, walijua kuchimba mabwawa madogo waliyoyaita ndiva. Mfereji kutoka mlimani uliingiza maji katika ndiva usiku kucha. Asubuhi tundu la chini lilizibuliwa, na maji yakashuka mashambani kwa nguvu, kwa zamu ya kila ukoo. Jioni tundu likazibwa tena. Ndiva nyingine zatumika hata leo. Nataka mwangalie jambo moja. Ndiva hujaa tope upesi, kwa sababu maji ya mlimani hubeba udongo. Tope lile liliondolewa kwa kazi ya pamoja, ambayo Wapare huiita msaragambo. Ngoma au baragumu ikilia, kila nyumba hutoa mtu. Asiyekuja hutozwa faini. Kwa hiyo tundu la ndiva lilikuwa na wenyewe, na kila mmoja alijua siku ya kulisafisha. Shikeni neno hilo, kwa maana tutalirudia.

Kutoka Upare sasa twavuka bahari mpaka kisiwa cha Sri Lanka, kilichoitwa zamani Ceylon, kusini mwa India. Nawapeleka mbali hivi kwa sababu, kwa maoni yangu, hakuna watu duniani waliofahamu kinywa cha lambo kuliko wakulima wa kisiwa kile. Walianza kujenga malambo zaidi ya miaka 2,000 iliyopita. Sehemu kubwa ya nchi yao ni kavu kama kwetu, nayo hupata mvua kwa msimu tu. Walijenga maelfu ya malambo ya vijiji, yakifuatana bondeni kama shanga katika uzi: maji yaliyotoka katika lambo la juu yaliingia katika lambo la chini.

Mafundi wao walipambana na shida moja kubwa. Lambo likiwa na kina, maji husukuma kwa nguvu sana, na ukifungua tundu chini ya tuta, maji hutoka kwa kishindo yakila udongo pande zote. Wao wakabuni kitu kilichoitwa bisokotuwa. Ni kisima cha mraba, kilichojengwa kwa mawe na matofali ndani ya tuta, upande wa maji. Maji huingia kwanza katika kisima hicho, nguvu zake hutulia, ndipo huenda katika mfereji wa mawe uliopita chini ya tuta. Fundi aliweza kushusha au kuinua mlango ndani ya kisima. Mhandisi Mwingereza, Henry Parker, aliyefanya kazi ya umwagiliaji huko, aliyachunguza malambo yale, na katika kitabu chake cha mwaka 1909 aliwasifu sana mafundi wale wa kale. Alistahili kuwasifu. Huko Ulaya watu walikuja kulijua jambo hilo karne nyingi baadaye.

Lakini bisokotuwa ni nusu tu ya hekima yao. Nusu ya pili ilikuwa juu ya lambo, huko maji yanakotoka, na ndiyo itufaayo zaidi. Kabla ya maji kufika katika lambo, yalipitishwa kwanza katika ukanda wa miti, kisha katika majani marefu yaliyochuja tope. Tena walichimba vishimo vidogo vya maji juu ya lambo. Vishimo hivyo vilikuwa na kazi mbili: vilinasa mchanga usifike kwenye kinywa, na viliwapa wanyama wa mwituni maji yao wenyewe. Mahali pengine walijenga lambo dogo zima katika msitu, lisilomwagilia shamba hata moja. Mgeni angelishangaa, aseme watu hawa wamepoteza nguvu zao bure. Kumbe lambo lile lilikuwa la tope na la wanyama. Tembo wa Sri Lanka alikunywa huko juu, hakuwa na haja ya kushuka kulikanyaga tuta la watu.

Mwalimu, chora ubaoni bonde: juu miti, chini yake majani, kisha kishimo, kisha lambo, tuta, bomba na birika. Mnaona? Kinywa husafishwa kwanza kule juu, kabla ya maji kukifikia.

Sasa sikilizeni jinsi kazi hiyo ilivyokuja kuharibika. Falme za kale zilianguka baada ya karne ya 13, na malambo mengi makubwa yakamezwa na msitu. Lakini vijiji viliendelea kutunza malambo yao madogo, kwa sababu ilikuwapo desturi iliyomlazimu kila mtu kutoa siku za kazi. Waingereza, walipokwisha kuitawala nchi, waliifuta desturi ile mwaka 1832. Walisema ni kazi ya kulazimishwa, na kwa upande mmoja walisema kweli, kwa maana wakubwa waliitumia kuwanyonya watu. Lakini hawakuweka kitu kingine mahali pake. Siku ya kuchimba tope ilipofika, hapakuwa na mtu mwenye haki ya kumwambia jirani yake, "Chukua jembe, twende." Matuta yakabomoka, mifereji ikaziba, mashamba yakakauka. Mwaka 1856 serikali ile ile ilitunga sheria ya kuyarudishia mabaraza ya vijiji uwezo wa kusimamia maji kwa desturi zao. Iliwachukua miaka 24 kutambua kwamba tundu la maji lahitaji mwenyewe.

Turudi sasa kwetu, kando ya Ziwa Victoria. Baada ya Vita Kuu ya Pili, serikali ya Kiingereza ilianzisha kwa majirani zetu Wasukuma mpango mkubwa wa maendeleo, uliodumu toka mwaka 1947 mpaka mwaka 1956. Mambo mengi yalifanywa, na moja katika hayo ni kuchimba malambo, ili ng'ombe wapate maji na watu waweze kuhamia katika nchi kavu. Malambo yale yaliwafaa watu, wala si haki kuyadharau. Hata hivyo mpango ule ulikuja pamoja na amri nyingi: punguza ng'ombe, lima matuta, lipa kodi ya mifugo. Watu walizichukia amri zile, na kabla ya Uhuru serikali ikalazimika kulegeza nyingi katika hizo. Maoni yangu ni haya: kitu kilichojengwa kwa amri, watu hukihesabu kuwa mali ya mwenye amri. Akiondoka, nacho hubaki yatima.

Ushahidi wa tope tunao. Miaka ya mwisho ya 1960 na ya kwanza ya 1970, mtaalamu wa Sweden aitwaye Anders Rapp, pamoja na wenzake waliofanya kazi na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walipima mabwawa karibu na Dodoma: Ikowa, Msalatu, Imagi na Matumbulu. Walipima udongo uliokuwa chini ya maji. Waliona kwamba mabwawa yanajaa tope upesi mno, hata uhai wa baadhi yake ulihesabika kwa makumi machache ya miaka. Tope lilitoka katika mashamba na malisho ya juu yaliyokwisha kuwa wazi. Na ndugu zangu, tope likija, mahali linapofika kwanza kufanya madhara ni kwenye kichwa cha bomba, kwa kuwa kimewekwa chini kabisa.

Madarasa kama haya yenu nayo yameshika sehemu katika historia hii. Mkoa wetu wa Mara ulikuwa miongoni mwa mikoa minne ya Ziwa iliyojaribiwa kisomo chenye manufaa, toka mwaka 1968 mpaka 1972. Watu walijifunza kusoma kwa habari za pamba, ng'ombe na maji. Mwaka 1973 ikaja kampeni ya redio ya Mtu ni Afya, na vikundi vya wasikilizaji vikatoka darasani na majembe kusafisha visima na kufukia madimbwi. Nawataja wale ili msidhani kwamba kuichukua redio mpaka kando ya lambo ni jambo geni.

Je, kinywa kikiziba kabisa huwa nini? Jibu lilipatikana nchi jirani, Kenya, tena si zamani. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024, karibu na mji wa Mai Mahiu, katika Kaunti ya Nakuru, mvua kubwa ilinyesha. Maji yalishuka kutoka milimani yakabeba miti, mawe na udongo. Yalifika kwenye tuta la reli. Chini ya tuta lile lilikuwapo tundu la kupitishia maji, nalo likazibwa na takataka zile. Basi tuta la reli likageuka kuwa tuta la lambo, lambo ambalo hakuna mtu aliyelikusudia. Maji yakajikusanya nyuma yake gizani, watu wa chini wakiwa wamelala. Halafu tuta likapasuka. Watu zaidi ya 45 walikufa, na nyumba na magari yakachukuliwa. Asubuhi ile wengi walisema bwawa limebomoka. Wizara ya Maji ya Kenya ikaeleza kwamba halikuwa bwawa, bali ni tundu lililoziba.

Miaka 6 kabla yake, tarehe 9 Mei 2018, katika Kaunti hiyo hiyo ya Nakuru, mahali paitwapo Solai, bwawa la kweli la udongo lilipasuka usiku wakati wa mvua kubwa, likaua watu zaidi ya 40. Siwaambii haya kuwatisha. Nawaambia ili mtu akiona utoro wa lambo la kijiji umeota vichaka, au mtu amelima mahindi ndani yake kwa sababu "pana rutuba", ajue anatazama nini.

Haya, sasa twende kwenye kichwa cha bomba chenyewe. Huko Amerika ya Kaskazini yuko mnyama aitwaye biva. Ni kama panya mkubwa mno, mwenye mkia bapa na meno ya kukata miti. Kazi yake ni kuziba mito kwa magogo na tope. Mtaalamu mmoja wa Sweden, Lars Wilsson, aliweka kipaza sauti kilichotoa mlio wa maji yanayotiririka, na biva wakaenda kukirundikia vijiti, ingawa hapakuwa na maji yanayotoka! Basi wenye malambo huko walikuwa wakizibiwa mabomba kila usiku. Wengine waliwaua wanyama wale, lakini wengine wapya wakaja. Baadaye wataalamu wa Chuo Kikuu cha Clemson, Marekani, walifanya jambo la akili. Waliliongeza bomba mpaka mbali ndani ya maji, wakalitoboa matundu mengi, wakalizungushia kizimba cha waya. Maji yakawa yanaingia taratibu bila kelele. Biva hakusikia kitu, akaliacha bomba.

Sisi hatuna biva. Tunayo majani, magugu maji, mifuko ya plastiki na mizoga. Lakini hesabu ni ile ile, na tutaifanya pamoja. Mwalimu, andika.

Bomba lenye upana wa sentimeta 20 lina kinywa cha sentimeta za mraba 314 hivi. Sasa tukitengenezee kizimba cha nondo na waya mgumu, mita 1 kila upande. Kina pande 4 na juu, jumla nyuso 5. Kila uso ni sentimeta za mraba 10,000, kwa hiyo zote ni 50,000. Tuseme nusu imezibwa na nyaya zenyewe na majani. Zimebaki 25,000. Gawanya kwa 314. Mmepata ngapi? Karibu 80. Maana yake maji yanayokimbia ndani ya bomba kwa mwendo wa mita 2 kwa sekunde, penye uso wa kizimba yatakwenda sentimeta 2 na nusu tu kwa sekunde. Mwendo huo hata mtoto wa chura huushinda. Kobe akigusa waya hujiondokea. Jani nalo halibanwi kwa nguvu, laweza kuondolewa kwa reki.

Hapo ndipo wengi hukosea. Huweka waya mdogo wa matundu membamba juu ya kinywa chenyewe, hufikiri wamemaliza kazi. Waya ule huziba upesi sana, na kila kiumbe kinachopita hunaswa juu yake. Kizimba na kiwe kikubwa, na matundu yake yawe ya vidole viwili hivi. Kiinuliwe juu ya mawe, kisilale katika tope. Wala msitumie nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Wavu hunasa ndege, kobe na kenge, nao hufa humo, na mzoga ukioza ni ninyi mtakaokunywa maji yake.

Liko jambo jingine la hesabu, nalo ni la maisha ya mtu. Bomba likiziba, vijana hodari hupenda kupiga mbizi kwenda kulizibua kwa mkono. Tuseme kina cha maji ni mita 3, na kinywa ni kile kile cha sentimeta 20. Maji yaliyo juu ya kinywa kile yana uzito wa kilo 94, karibu na gunia zima la mahindi. Kijana akiondoa takataka na mkono au mguu wake ukavutwa ndani, atakuwa amebanwa na gunia hilo chini ya maji. Hawezi kujitoa, wala wenzake hawawezi kumvuta. Kwa hiyo koki ifungwe kwanza, kila mara, na mtu asimame penye koki asiondoke. Kama koki haifungi, acheni, ngojeni kiangazi maji yapungue. Na penye mamba au kiboko, mwiteni askari wa wanyamapori kabla mtu hajatia mguu majini.

Yafaa pia tujue maji yanayotoka yanakwenda wapi. Tope la chini ya lambo huwa jeusi, lina harufu mbaya, na maji yake hayana hewa ya kutosha kwa samaki. Ukifungua bomba la chini kwa ghafula, maji yale huingia kijito na kuua samaki walioko. Mto Mara umetufundisha jambo la namna hii mara mbili. Mwaka 2018 watafiti Christopher Dutton na Amanda Subalusky, pamoja na wenzao, walieleza habari za madimbwi ya viboko upande wa Kenya. Kinyesi cha viboko hujikusanya chini ya madimbwi wakati wa kiangazi, na mvua ikinyesha ghafula, maji yale machafu husukumwa mtoni na samaki hufa wengi kwa kukosa hewa. Na mwezi Machi 2022, hapa kwetu karibu na Daraja la Kirumi, maji ya Mto Mara yaligeuka meusi na samaki wakaelea. Kamati ya serikali ilitoa taarifa kwamba hewa majini ilipungua kwa sababu ya kinyesi cha mifugo na mimea iliyooza. Wananchi wengi hawakuridhika na taarifa ile, na mabishano yalikuwa makali. Lakini hata mwenye kuibisha taarifa ile hakatai kwamba samaki huhitaji hewa. Basi fungueni koki kidogo kidogo, kwa siku kadhaa, tena wakati kijito kina maji, kisiwe kikavu.

Birika nalo lisisahauliwe. Lijengwe mbali na tuta, ili kwato za ng'ombe na miguu ya tembo zisiliharibu. Ndani yake pangeni mawe kama ngazi. Ndege, mjusi au paka wa porini akitumbukia apate mahali pa kupandia. Birika lenye kuta laini ni mtego.

Mwisho, tembeeni juu ya tuta. Nungunungu na mhanga huchimba, na mchwa nao hula njia zao ndani kwa ndani. Tundu likionekana lizibwe kwa udongo wa mfinyanzi ulioshindiliwa, baada ya kuhakikisha kwamba mnyama ametoka. Tazameni sana mahali bomba linapotokea upande wa chini. Maji yakitoka ndani ya bomba, ni sawa. Yakitiririka nje ya bomba, kando yake, tena yakiwa na rangi ya udongo, tuta limeanza kuliwa. Hapo pelekeni habari siku hiyo hiyo kwa mtendaji wa kijiji na kwa wataalamu wa maji wa wilaya, na watu wa chini ya lambo waambiwe wasilale huko. Kama kijiji kinataka kujenga lambo jipya au kuongeza urefu wa tuta, ombeni kwanza kibali cha mamlaka ya maji. Msianze bila hicho.

Sasa mwalimu, nakuomba uzime redio nitakapomaliza. Darasa lizungumze maswali haya. Lambo la kijiji chenu, au la kijiji jirani, lilijengwa mwaka gani, na nani aliyelijenga? Waulizeni wazee, na mwandike. Utoro wake uko wapi, na nini kimeota ndani yake? Wanyama gani huja kunywa, nao hupitia wapi? Siku ya kuchimba tope ni lini, na mtu asiyefika hutozwa nini? Wakuria wanalo baraza la iritongo, na makabila mengine yana mabaraza yao. Je, habari ya lambo imewahi kufikishwa huko, au husemwa za wizi wa ng'ombe tu? Na koki ya bomba, ufunguo wake uko kwa nani?

Andikeni majibu katika madaftari yenu, mistari sita au saba yatosha. Kwaherini, mpaka juma lijalo, siku na saa kama ya leo.